Rangi Nyeusi na Adabu ya Kuosha

Asubuhi moja ya Idi, mjini Tanga, nililitoa gari langu jeusi uani, likiwa limeoshwa usiku wa kuamkia siku hiyo na kupanguswa hata tone la maji halikusalia, nikaliegesha chini ya mwembe kando ya njia ili warudio kuswali walione. Na kwa hakika lilipendeza, maadamu lilikuwa kivulini. Lakini jua lilipopanda na kivuli kikalikimbia, boneti lote lilijaa nyuzi nyembamba za nuru, zilizojipanga duara ndani ya duara kuizunguka taswira ya jua iliyojikita katikati ya rangi, kama kwamba buibui elfu walikesha wakisuka utando juu yake. Niliposogea hatua moja, duara zile zilisogea pamoja nami, niliposimama, zilisimama.

Jirani yangu mmoja wa Ngamiani, mtu mzima aliyepaka magari rangi tangu ujana wake, alikuja kunipa mkono wa Idi, nami nikamwamkia, "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Idi njema." Kisha akainama juu ya boneti, akapitisha ukucha wake juu ya nyuzi zile taratibu, akautazama, akasema, "Rangi hii haikuzeeka. Imesuguliwa. Na aliyeisugua ni yule aliyekuwa akiisafisha."

Maneno yale yaliniuma, kwa sababu aliyekuwa akiisafisha kila Ijumaa ni mimi mwenyewe, kwa fulana kuukuu na ndoo moja ya sabuni ya unga, tena kwa mapenzi. Tangu siku ile nimekuwa mwanafunzi wa jambo hili, nikiuliza mafundi, nikiharibu kidogo na kutengeneza kidogo, mpaka nikapata yakini ya neno moja ambalo ndilo kiini cha makala haya: mikwaruzo hiyo ya duara hailetwi na safari wala na umri, bali huletwa na usafi usio na adabu, na tiba yake, ijapokuwa ipo, hulipwa kwa rasilimali ambayo gari lilipewa mara moja tu kiwandani na haliongezewi tena. Kwa hiyo mwenye hekima hujifunza kuosha kabla hajajifunza kung'arisha.

Kwanza na tuitambue ila yenyewe ilivyo. Watu wengi wakiziona duara zile hudhani kuwa ni nyayo za mkono uliozungusha kitambaa, nao huwaonya waoshaji wasizungushe mkono bali wauvute moja kwa moja. Onyo hilo si baya, lakini halikufika kwenye shina la jambo. Aliyewahi kuitazama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga na majivu, ikianikwa chanjani juani, atakumbuka kuwa nayo huwa na duara zinazoizunguka nuru, na kwamba usiku, sufuria hiyohiyo ikiletwa karibu na taa, duara hujikusanya upya kuizunguka taa. Hakuna aliyezichora. Uso wa sufuria, sawasawa na uso wa rangi ya gari, umejaa mikwaruzo midogo iliyolala kila upande bila mpango; na nuru itokayo mahali pamoja inapoipiga, ni ile tu iliyolala kuikingama njia ya nuru ndiyo irudishayo mng'aro machoni petu, na iliyobaki hunyamaza. Hiyo inayokingama, ikikusanywa na jicho, huonekana kama duara zenye kitovu kimoja. Ndiyo maana zilinifuata nilipotembea. Na ndiyo maana gari likiwa chini ya wingu zito, au ndani ya banda lenye mwanga uliotawanyika, huonekana zima lisilo na ila, na likitoka juani, au likimulikwa usiku kwa tochi ya simu, siri yake yote hufichuka. Anayenunua gari jeusi lililokwisha kutumika na asilitazame ila kivulini, amenunua nusu ya habari zake.

Mtu atauliza, kwa nini ni jeusi ndilo liteswalo? Jawabu ni kwamba haliteswi peke yake. Gari jeupe na gari jeusi yakioshwa na mkono mmoja kwa kitambaa kimoja, hupata majeraha sawa kwa idadi na kwa kina. Tofauti ni ya ushahidi tu. Weupe hurudisha nuru kutoka kila sehemu ya uso wake, na katika nuru hiyo nyingi mng'aro mdogo wa mkwaruzo humezwa. Lakini weusi huimeza karibu nuru yote iupenyayo, hauachi kitu ila taswira ya kilicho mbele yake, na juu ya giza hilo kila mkwaruzo huwaka peke yake. Nyota haziondoki mbinguni wakati wa mchana, ila anga huwa na nuru kupita zao. Usiku ukiingia, zilezile zilizokuwapo huonekana. Na lisemwalo kwa nyeusi ni kweli pia kwa buluu iliyokoza, kwa kijani cha giza, na kwa ile rangi tuiitayo damu ya mzee.

Sasa natushuke ndani ya rangi yenyewe, kwa kuwa huko ndiko iliko hesabu ambayo wengi hawaijui. Juu ya bati la gari la zama hizi mna matabaka manne: la kwanza ni kinga ya kutu, ambayo gari zima huchovywa ndani yake na kushikishwa kwa nguvu za umeme, la pili ni praima, la tatu ni rangi yenyewe, na la nne, lililo juu ya yote, ni vanishi angavu ambayo mafundi wetu huiita klia. Matabaka yote manne pamoja aghalabu hayazidi mikroni 100 hadi 150, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake huwa mikroni 35 hadi 50 hivi, ilhali unywele wa kichwa cha mwanadamu hukaribia mikroni 70. Ndiyo kusema kwamba kina chote kile tukisifucho, ule weusi unaoonekana kama maji ya kisima usiku, umekaa chini ya utando usiofikia unene wa unywele mmoja. Na utando huo si pambo tu, bali ndani yake zimo dawa za kuizuia ile miale ya jua isiyoonekana ambayo hufubaza rangi. Klia ikikonda kupita kiasi, jua letu la pwani huibabua, ikaanza mabaka meupeupe juu ya paa na boneti, mwisho ikabanduka kama ngozi iliyoungua, na hapo hapana polishi iwezayo kuirudisha.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika zama za mwanzo za magari, wakati kampuni ya Ford ilipoliuza gari lake la Model T kwa rangi nyeusi peke yake kuanzia 1914 hadi 1925, na hata baada ya 1923, kampuni ya DuPont ya Marekani ilipoleta rangi yake ya Duco iliyokauka kwa haraka na kuyapa magari rangi nyingine nyingi, hapakuwa na klia juu. Rangi ndiyo ilikuwa uso, na jua likiisha kuichakaza, mwenye gari aliisugua kwa dawa yenye chembe mpaka tabaka lililokufa likatoka na lililo hai likaonekana. Vanishi angavu ilienea viwandani katika miaka ya 1980, lakini mazoea ya mkono hayabadiliki kwa kasi ya kiwanda: tumerithi kusugua, ilhali kile tukisuguacho si kile walichokisugua waliotutangulia. Hata hivyo rangi isiyo na klia haijatoweka kabisa. Miongoni mwa magari yaliyotumika Japani na kuletwa kwetu yamo ya Toyota yenye ile nyeusi ya namba 202, ambayo kwa miaka mingi ilipakwa bila klia, na ambayo mafundi wanaijua kwa ulaini wake. Alama yake ni nyepesi: ukiipiga polishi mahali pasipoonekana na kitambaa kikageuka cheusi, fahamu kuwa unaigusa rangi yenyewe.

Adui wa utando huo ni nani? Ni chembe ya mchanga. Katika kipimo cha ugumu wa madini alichokitunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, kianziacho 1 kwa talki na kukoma 10 kwa almasi, ukucha wetu hupata 2 na nusu, kioo cha dirisha hukaribia 5 na nusu, na madini ya kwatsi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa barabara zetu, hupata 7. Ikiwa kwatsi hukikwaruza kioo, sembuse klia, ambayo asili yake ni utomvu uliogandishwa! Kitambaa laini hakiichubui rangi kwa nguvu zake. Kinachochubua ni chembe iliyonaswa ndani ya kitambaa na kuburutwa. Mwenye kulielewa neno hilo ameelewa elimu yote ya kinga, kwani mambo yote yatakayofuata ni njia mbalimbali za kuiondoa chembe bila kuiburuta.

Tukiyapima mazoea yetu kwa kipimo hicho tutastaajabu. La kwanza kwa ubaya ni kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, jambo lifanywalo kila asubuhi mbele ya nyumba nyingi kwa nia njema, na kitambaa hicho chenye vumbi jekundu la barabarani hakina tofauti na msasa mlaini. Watoto waandikao majina yao kwa kidole juu ya gari lenye vumbi hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana jina la mtoto, gari likiisha kuoshwa, huonekana bado likielea ndani ya rangi. La pili ni ndoo moja: sifongo hushuka ndani ya maji, hupanda kwenye mlango, hurudi ndani ya maji na mchanga wake, na hupanda tena kwenye boneti nao. La tatu ni kitambaa kile kilichosugua tairi na ringi, palipojaa unga wa chuma wa breki, kisha kikatumika juu ya paa. La nne ni nguo kuukuu, zenye mishono migumu na vifungo, na kitambaa kilichoanguka chini kikaokotwa na kukung'utwa tu. La tano ni turubai la kufunikia gari, livikwalo juu ya vumbi, kisha upepo wa kusi ukalipigapiga usiku kucha, likawa linasugua bila kuchoka. La sita ni mashine za brashi za kuoshea magari, ambazo brashi zake huchukua mchanga wa gari lililotangulia na kulipiga nao gari linalofuata.

Nisieleweke kuwa nawalaumu vijana waoshao magari kando ya njia. Kijana anayelipwa ujira mdogo kwa gari moja, aliyepewa ndoo moja na maji yasiyotosha, hawezi kuwa na adabu ya kazi ambayo vyombo vyake haviiruhusu. Na mwenye gari anayempigia honi ili afanye haraka ndiye mshirika wake katika taksiri. Haraka haraka haina baraka, na juu ya rangi nyeusi baraka inayokosekana huonekana kwa macho.

Baada ya kuijua ila na chanzo chake, natutazame tiba. Mkwaruzo hauwezi kujazwa, kwani hapana kitu kirudishwacho ndani yake. Unaloweza kufanya ni kuushusha uso wote unaouzunguka, mpaka ukingo wa mtaro huo mdogo upotee na nuru ipite juu yake bila kukwama. Basi kusugua gari kwa polishi ni kupunguza klia kwa makusudi, na tabibu wa kazi hii kwanza hupima kama mgonjwa ana damu ya kutosha. Upitishe ukucha juu ya mkwaruzo kama alivyofanya yule mzee: usipokwama, aghalabu mkwaruzo ni wa mikroni chache na utaondoka, ukikwama, umekwenda ndani sana, na ni heri kuupunguza makali na kuuacha kuliko kuufuata mpaka kwenye rangi. Fundi mwenye vyombo kamili ana kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi juu ya bati. Mahali palipopakwa upya patasoma zaidi, na mahali palipokwisha kusuguliwa mara nyingi pengine patasoma pungufu. Asiyekuwa nacho na achukulie kuwa klia yake ni nyembamba, naye hatajuta.

Kazi huanza kwa maji. Gari huoshwa kwa ukamilifu, kisha fundi huvika mkono wake plastiki nyembamba na kuupitisha juu ya rangi yenye majimaji. Akihisi vipele kama vya ngozi ya papa, hujua kuwa mna utomvu wa miti, chokaa ya maji, na vumbi la chuma lililojichoma ndani ya klia. Hivyo huondolewa kwa donge la udongo maalumu, laini kama unga wa maandazi uliokandwa, ambao asili yake ni Japani, na ambao huteleza juu ya maji ya sabuni na kuchukua takataka hizo bila kushindiliwa. Donge likianguka chini hutupwa, hata kama ni jipya. Kisha mipira ya milango, taa, na hasa kingo na mikunjo ya bati huzibwa kwa utepe wa karatasi, kwa sababu hapo ndipo klia ilipo nyembamba na ndipo mashine hula kwa haraka zaidi.

Mashine za kung'arishia ziko namna mbili. Ya kwanza huzunguka upande mmoja tu juu ya mhimili wake. Ina nguvu, hukata upesi, na katika mkono wa bingwa hufanya ajabu, lakini hutoa joto jingi, na katika mkono usiozoea huunguza rangi au huacha mawimbi marefu ya mwanga yanayoonekana juani, ambayo ni mikwaruzo mipya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani. Ya pili pedi yake huzunguka na wakati huohuo huyumba pembeni, hata chembe za polishi hazifuati njia moja. Kazi yake ni ya polepole na ya salama zaidi, nayo ndiyo imfaayo anayejifunza. Kwa mkono mtupu inawezekana kutibu sehemu ndogo, kama vile chini ya kitasa cha mlango ambapo kucha na pete hukwaruza kila siku, lakini boneti zima kwa mkono aghalabu hutoka na mabaka.

Kanuni kuu ya kazi hii ni kuanza na dawa iliyo dhaifu. Fundi huchagua mraba mmoja wa sentimita 50 hivi kila upande, huweka juu ya pedi laini matone matatu au manne ya polishi, kila moja kadiri ya punje ya mbaazi, huyapakaza kwa mwendo mdogo, kisha huipitisha mashine taratibu kwa mistari inayopandana, kwanza ya kwenda na kurudi, kisha ya kukingamisha, mara nne hadi sita, kwa mkono uliotulia na usioshindilia. Hupangusa, humulika kwa taa kali ya mahali pamoja, hutazama. Ikiwa mikwaruzo imeondoka, dawa hiyo ndiyo ya gari zima. Ikiwa haikuondoka, hupanda daraja moja, ama kwa pedi iliyo ngumu zaidi au kwa polishi iliyo kali zaidi, na hapandi madaraja mawili kwa pamoja. Akiwa ametumia dawa kali, hurudia kwa dawa laini ili kuufuta ukungu ulioachwa na ile kali, ambao juu ya nyeusi huonekana kama pumzi juu ya kioo. Pedi husafishwa baada ya kila sehemu, kwa kuwa klia iliyotolewa hubaki humo; na kazi yote hufanywa kivulini, bati likiwa baridi.

Hapa pana hila ambayo msomaji ni lazima aijue. Zipo dawa zenye mafuta na vijazio ambavyo huingia ndani ya mikwaruzo na kuifunika, gari likang'aa mbele ya mwenyewe siku ya kulichukua, na baada ya kuoshwa mara mbili au tatu ule utando wa buibui ukarudi kama kwamba haukuguswa. Dawa hizo si haramu ikiwa mwenye gari ameambiwa. Hadaa ni kumuuzia mtu pazia kwa bei ya tiba. Fundi mwaminifu, akiisha kusugua, huipangusa rangi kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, mafuta yote yakatoka, kisha humwita mwenyewe atazame juani. Omba jambo hilo lifanywe mbele yako kabla ya kulipa.

Na ukiisha kufurahi, kumbuka hesabu. Usuguaji mwepesi huchukua kama mikroni 1 au pungufu yake; mkali huchukua mikroni 2, 3, na pengine zaidi. Katika klia ya mikroni 40 inaonekana kuwa kitu kidogo, na kwa mara moja ni kidogo kweli. Lakini wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na wapo watu, nami nilikuwa mmoja wao, ambao hulipiga gari polishi kila Idi na kila arusi, kisha wakaliosha Ijumaa inayofuata kwa fulana ileile. Huko ni israfu ya mali isiyorudi, na mali bila daftari huisha bila habari. Gari lisuguliwe vizuri mara moja, kisha lioshwe vizuri miaka mingi.

Kuosha vizuri ni nini, basi? Ni kuosha alfajiri au alasiri jua likiwa limepoa, kwa sababu bati jeusi la adhuhuri huikausha sabuni kabla mkono haujafika, na maji ya visima vyetu vya pwani, yapitayo katika mawe ya matumbawe na kubeba chokaa, huacha madoa meupe yanapokauka. Ni kulimwagia gari maji mengi kwanza, bila kuligusa, kutoka paani kwenda chini, ili mchanga uliolegea uondoke kwa miguu yake mwenyewe. Na penye shida ya maji, lile bomba la mgongoni la kupulizia mimea, likiwa jipya lisilopata kutiwa sumu, hufanya kazi hiyo kwa lita chache. Ni kulipaka povu la shampuu ya gari na kuliacha dakika chache lilainishe uchafu bila kukauka. Sabuni ya unga ya kufulia iachwe kwa nguo, kwani huondoa nta na kuiacha rangi bila utelezi.

Kisha ndoo mbili. Moja ina maji ya shampuu, ya pili maji matupu, na afadhali kila moja iwe na wavu chini ili mchanga ukishuka usipande tena. Glavu ya manyoya laini, au kitambaa kinene cha maikrofaiba, huchovywa katika shampuu, hupitishwa juu ya sehemu moja tu ya gari kwa uzito wake wenyewe, bila kushindiliwa, kisha husuuzwa katika maji matupu kabla ya kurudi kwenye shampuu. Huanzwa paa, kisha vioo, boneti, buti, na sehemu za juu za milango. Sehemu za chini, ambazo hupigwa na mchanga wa tairi, huwa za mwisho, na magurudumu yana ndoo yake na kitambaa chake ambacho hakipandi juu kamwe. Mwisho maji huachwa yateremke polepole kutoka kwenye mpira usiobanwa, yakaporomoka kama shuka na kuondoka na matone mengi. Yaliyosalia hukaushwa kwa taulo nene la maikrofaiba linalolazwa juu ya rangi na kuinuliwa, si kusuguliwa. Mataulo hayo hufuliwa peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huziba nyuzi zake, na lililoanguka chini halirudi kwenye rangi siku hiyo.

Baina ya kuosha na kuosha, adabu ni kutogusa. Vumbi likilala juu ya gari, na lilale mpaka maji yafike. Kinyesi cha kunguru, ambacho katika miji yetu ya pwani ni riziki ya kila gari liegeshwalo chini ya mti, kina ukali wa kuila klia, na kwa hiyo kisingojewe. Lakini kisikwanguliwe pia, bali kifunikwe kwa kitambaa kilicholowa maji dakika kadhaa mpaka kilainike, kisha kiinuliwe. Kapu la sokoni lisiwekwe juu ya boneti, na turubai livikwe tu gari lililo safi na kavu.

Kuhusu kinga zinazopakwa, sina haja ya kurefusha. Nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mti wa jamii ya mnazi uliopo kaskazini mashariki ya Brazil, huyeyuka katika joto la nyuzi 82 hadi 86 hivi, huipa nyeusi kina cha kupendeza, na hudumu kwa majuma au miezi michache. Dawa za keramiki, zenye asili ya silika, hudumu zaidi na hufanya uchafu ushike kwa shida; lakini ile alama ya 9H inayotajwa na wauzaji ni ya kipimo cha penseli, wala si ya kipimo cha Mohs, na tabaka lake ni la mikroni moja au mbili tu, hata mchanga haulistahi. Kinga iliyo ngao kweli ni ile karatasi angavu ya poliyurethani yenye mikroni 150 hadi 200, ambayo hupokea mkwaruzo badala ya klia, na bei yake si ya kila mtu. Zote husaidia, hapana hata moja kati yake inayoondoa haja ya ndoo mbili.

Siku hizi gari langu halioshwi nami peke yangu. Yuko kijana mmoja wa mtaani ambaye nilimnunulia ndoo ya pili, mataulo sita na glavu, nikamwongezea ujira, nikamwambia asiharakishe kwa ajili yangu. Mwanzoni aliona ni uzito usio na maana, maji kubebwa mara mbili kwa gari moja. Ijumaa ya kwanza tulipomaliza, aliimwaga ile ndoo ya maji matupu polepole kando ya ua, akaiinamisha kuelekea jua linalotua, akaniita. "Mzee, njoo uone," akasema. Chini ya ndoo palikuwa na mchanga mwekundu wa kujaza kijiko, ukimetameta. Akauchota kwa kidole, akausugua baina ya kidole na dole gumba, akausikiliza ukikwaruza, kisha akainua macho akalitazama boneti. Tangu jioni ile sijapata tena kumkumbusha habari ya ndoo ya pili.